Maandishi Madogo Chini ya Ukurasa

Nilikuwa karani wa baraza la mwene wetu, upande wa Mpemba, karibu na Tunduma, enzi za Mwingereza, na sitaki kujifanya mnyenyekevu: nilikuwa karani hasa. Nilisoma misheni, nikajua Kiswahili cha kuandika na Kiingereza cha kuungaunga, na mwandiko wangu bwana mmoja wa boma aliwahi kuusifu mbele za watu. Wajukuu wangu wamesikia habari hiyo mpaka wanaimalizia wenyewe kabla sijafika mwisho. Waache wacheke. Sifa nilizopata maishani si nyingi kiasi cha kuziacha zikalala.

Baraza lilikaa Alhamisi moja ndiyo, moja hapana, katika nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa nyasi. Mwene, yaani chifu wetu, alikaa katikati, wazee wanne pembeni yake, na mimi mezani na vitu vyangu vitatu: daftari la kesi, daftari la vyeti vya kahawa, na kitabu. Kile kitabu! Kilikuwa na jalada jeusi, kimeandikwa kwa Kiswahili, na kilieleza amri za serikali kwa lugha ya mtu kuelewa: mifugo, moto wa porini, kahawa, pombe, kila kitu. Boma lilitugawia makarani kimoja kimoja. Changu nilikifunga kwa kitambaa, nikakiweka ndani ya kopo la biskuti kwa kuogopa mchwa. Nilipotokea na lile kopo kwapani, watu waliokaa nje walinong'ona, "Sheria imekuja." Hawakusema karani amekuja. Sheria imekuja! Nami nilipunguza mwendo ili wanione vizuri.

Wazee wetu walikuwa na desturi yao ya kuhoji mashahidi. Shahidi akianza tu kufungua mdomo, mzee mmoja anamkata: "Ulikuwepo, au uliambiwa?" Akijibu kwamba aliambiwa, anaambiwa akae chini, amlete huyo aliyemwambia. Huyo naye akija anaulizwa vilevile, mpaka apatikane mtu aliyeona kwa macho yake. Kesi moja ya ng'ombe ilitupeleka hivyo, mtu kwa mtu, mpaka Ndalambo, na huko akapatikana bibi mmoja aliyekuwa anachota maji akaona kila kitu. Mgeni wa boma alipotutembelea nilimweleza desturi hiyo kwa majivuno, utadhani nimeibuni mimi. Kumbe hata siku moja haikunijia kwamba inanihusu.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu. Nilioa binti wa watu wa milima ya Ileje waliohamia kwetu zamani wakapata shamba kwenye mteremko juu ya kijito. Baba mkwe alipanda kahawa pale kwa mikono yake, shimo kwa shimo, wakati majirani wanamcheka kwamba anapanda mti ambao matunda yake hayapikwi wala hayatafunwi. Alipofariki akazikwa pembeni ya shamba lile, na mama mkwe akabaki anaipalilia mibuni yeye mwenyewe. Aliamka nayo, akashinda nayo. Mke wangu alikuwa akisema mama yake anaongea na miti ile kuliko anavyoongea na wanawe.

Mimi sikuwahi kumsikia akiongea nayo, kwa sababu kwetu mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali. Simtazami usoni, siketi naye pamoja, sisemi naye ana kwa ana, na jina lake halipiti mdomoni mwangu. Nikikutana naye njiani, mimi naingia kwenye nyasi nasubiri apite, hata kama mvua inanyesha. Wazungu waliona ni uadui. Sisi tuliona ni heshima, na mama mkwe nilimheshimu mno.

Basi, mwaka mmoja, kahawa ndiyo kwanza inaiva, akafika msaidizi wa bwana shamba, mtu wa suruali fupi iliyonyooshwa kwa pasi mpaka inakata, akikagua mashamba. Kila mwenye mibuni alitakiwa awe na cheti. Mama mkwe akamtolea cheti, amekihifadhi ndani ya kibuyu kikavu. Yule msaidizi akasoma, akatikisa kichwa. Jina lilikuwa la marehemu. "Huyu hayupo," akasema, "na wewe huna cheti." Akamshtaki barazani.

Alhamisi ile watu walijaa mpaka nje. Karani na mkwewe katika kesi moja, nani angekosa? Mama mkwe aliketi akatupa mgongo, nami nikageuza kiti changu nikatazama ukuta. Watu wakacheka. Mwene mwenyewe aliziba mdomo kwa mkono. Nilimwomba anipumzishe kesi ile, akasema, "Nani mwingine atakayesoma? Wazee hawa? Soma, karani. Sheria inasemaje?"

Nikafungua kopo. Nikafungua kitambaa. Na hapa niseme ukweli wangu wote: nilisoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Sikutaka mtu aende zake akisema karani amembeba mkwewe. Nikasoma nikiutazama ukuta na kitabu changu: "Mtu yeyote mwenye mibuni asiye na cheti chenye jina lake, mibuni yake yote itang'olewa." Nikafunga kitabu kwa kishindo. Nikamsikia mke wangu, aliyekuwa kati ya wanawake mlangoni, akivuta pumzi.

Mwene akamuuliza mama mkwe kama ana neno. Mama akamwita tarishi wa baraza aliyesimama katikati yetu, maana maneno yake kwangu yalipaswa yapitie kwa mtu. Akasema kwa Kiswahili chake cha milimani, taratibu, bila kulia: "Mwulize karani. Hiyo amri ya kung'oa miti, kitabu chake kilikuwepo inapotolewa, au kiliambiwa?"

Mzee mmoja akapiga paja lake. "Loo!" akasema. "Mama huyu!"

Nikawaka. "Kitabu ni kitabu!" nikaropoka, nikiongea na ukuta. "Kimetoka boma!"

"Hujaulizwa kimetoka wapi," mwene akasema. Hakuwa anacheka tena. "Umeulizwa kilikuwepo au kiliambiwa. Kitazame ujibu."

Nilikuwa na kitabu kile miaka mingi, na siku zote nilikifungulia katikati, kwenye amri. Kurasa za mbele sikuzisoma hata mara moja, nilidhani ni salamu za mwandishi. Sasa nikazifungua, nikasoma dibaji mbele ya watu wote, na sauti yangu ikaanza kupungua. Mwandishi alisema mwenyewe, bila kuficha, kwamba kazi yake ni kueleza kwa kifupi tu, na kwamba anayetaka sheria yenyewe aitafute mahali ilipotangazwa. Nikarudi kwenye ukurasa wa kahawa. Chini kabisa palikuwa na maandishi madogo, na ndani yake namba na mwaka wa Gazeti la Serikali, lile linalotangaza sheria. Maandishi yale nilikuwa nayaona kila siku. Nilidhani ni alama za mtu wa mtambo wa kuchapa.

"Kiliambiwa," nikasema.

"Basi kikae chini," akasema mwene, na baraza zima likaangua kicheko. Kisha akanipa mpaka baraza lijalo. Nikamlete aliyekiambia. Nisipompata, mibuni itang'olewa, maana hawezi kuizuia amri ya boma kwa swali la mwanamke peke yake, hata liwe zuri vipi. Yule msaidizi wa bwana shamba akasema majembe yapo tayari.

Nyumbani mke wangu aliniwekea ugali na mboga isiyo na chumvi. Nilipouliza, akasema, "Samahani, baba. Chumvi nadhani umeimaliza kwenye ile sauti yako." Sikuomba tena. Kesho yake asubuhi nikadandia lori la mahindi lililotoka Tunduma, nikakaa juu ya magunia, na baridi ile ya mwezi wa saba ikinipiga mpaka Mbeya, kwenye boma kubwa. Nilikuwa na hasira na mama mkwe, na mwandishi wa kitabu, na kila mtu. Tulipopita Vwawa hasira ikawa imebaki kwangu peke yangu.

Karani mkuu wa pale boma alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mcheshi, mwenye ulimi. "Karani wa Mpemba!" akasema nilipotaja gazeti. "Umekuja kutafuta gazeti? La habari za mpira?" Nilipomweleza, akashangaa. Akasema kazini kwake hajawahi kumwona karani wa baraza aliyekuja kuuliza gazeti lenyewe, wote wanatosheka na kitabu. Kisha akanitolea kitabu kingine, kikubwa mara tatu, cha Kiingereza. "Hiki ndicho wanachotumia mabwana wenyewe. Kama hiki nacho kinasema hivyo, rudi nyumbani ukapumzike."

Nikakisoma nikifuata neno kwa kidole. Kilisema vilevile. Bila cheti chenye jina, mibuni ing'olewe. Moyo ukaniishia. Mashahidi wawili! Tena mmoja Mzungu! Nilianza kupanga nitamwambia nini mke wangu, na nilishasimama kuondoka, ndipo jicho langu likateremka chini ya ukurasa kwenye maandishi madogo. Safari hii nilijua si ya mtambo. Nikayasoma. Kile kitabu kikubwa kilisema habari hii kimeitoa wapi? Kwenye kitabu changu mimi! Kile kile cha kwenye kopo la biskuti!

Nilicheka peke yangu mpaka karani mkuu akaja kuchungulia. Barazani kwetu nilishawaona sana watu wa namna hiyo: mashahidi wawili wanakuja wamevaa vizuri, wanasema neno moja, ukiwauliza sana unagundua huyu alimsikia huyu. Wazee huwahesabu kama mtu mmoja, na mtu mwenyewe hakuwepo. Nikamwambia karani mkuu, "Vyote viwili viliambiwa. Nataka aliyekuwepo."

Akaniangalia kidogo, akachukua ufunguo. Magazeti ya Serikali yalikuwa kwenye chumba cha nyuma, yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, mengine mchwa wameshakula pembe. Hayakupangwa. Nilivua koti nikaanza kuyafungua moja moja, siku nzima, na kesho yake tena. Kila mwaka niliupata, isipokuwa mwaka niliouhitaji. Vumbi lilinijaa puani, nikapiga chafya mpaka machozi. Nilikaribia kulia kweli. Akilini nilimwona mama mkwe akiwa ametupa mgongo, nikaona majembe.

Alasiri nikaenda kumuaga karani mkuu. Alikuwa anapiga taipu. Akainuka anipe mkono, nikaona ameketi juu ya nini. Nimeshasema alikuwa mfupi. Ili aifikie taipu yake vizuri alikuwa ameweka bunda la karatasi kwenye kiti, limefunikwa kitambaa cha mezani, na pembeni mwake mwaka wangu umeandikwa kwa wino mweusi.

"Bwana wangu," nikasema, "sheria umeikalia."

Tuliipata pamoja, yeye akifunua, mimi nikisoma namba. Na pale palikuwa na amri yenyewe kwa Kiingereza. Mistari ya kwanza ilikuwa ile ile ya vitabuni. Halafu ikaendelea. Vitabu viliishia kwenye "itang'olewa", lakini sheria ilikuwa bado inasema: isipokuwa mwenye cheti akifariki, basi mjane wake au mrithi wake anayeitunza mibuni atahesabiwa kuwa na cheti, mpaka jina lake litakapoandikwa kwenye daftari. Nilisoma mara tatu. Karani mkuu akanisomea mara ya nne na kunieleza kila neno nisije nikajidanganya. Nikaruka. Mtu mzima, baba wa watoto, niliruka ndani ya ofisi ya serikali.

"Subiri," akasema. "Hujamaliza." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Kufuta jina la marehemu na kuandika la mrithi, ulisema mstari ule, ni kazi ya karani wa baraza.

Nikakaa chini. Daftari la vyeti nilikuwa nalo mimi. Baba mkwe alipofariki nililifungua kweli, nikashika kalamu, nikalifunga. Nilijua jina linalotakiwa kuandikwa pale ni la nani. Jina la mkwe! Mimi niliyekuwa naingia kwenye nyasi ili tusikutane, nimwandike kwa mkono wangu kitabuni? Nilijiambia nitatafuta mtu, nitafanya mwezi ujao. Sikumuuliza mzee hata mmoja kama kuandika ni mwiko. Nilidhani tu. Kosa la cheti lilikuwa langu tangu mwanzo, na nilikuwa nimemsomea mama wa watu adhabu ya kosa langu kwa sauti kubwa.

Niliinakili amri yote, na neno la "isipokuwa" nikalipigia mstari. Karani mkuu alisema muhuri wa boma si wa kuchezea. Akachukua rula, akalinganisha nakala yangu na gazeti mstari kwa mstari, nukta kwa nukta. Hakupata kosa. "Mwandiko mzuri huu," akasema, akagonga muhuri. Hiyo ni sifa ya pili, na ya pili naipenda kuliko ya kwanza.

Alhamisi ilipofika sikuja na kopo kwapani. Kitabu nilikiacha nyumbani, na waliokaa nje hawakujua waseme nini. Mwene akaniuliza kabla sijafungua mdomo, "Karani. Uliona, au uliambiwa?"

"Niliona," nikasema. Sijui kama nimewahi kutamka neno lingine kwa furaha kama lile. "Nilikwenda mpaka ilipo, nikaiona kwa macho yangu."

Nikasoma, mstari kwa mstari, nikitafsiri. Nilipofika kwenye "isipokuwa" wanawake mlangoni wakapiga vigelegele, mwene akawanyamazisha kwa mkono. Ningeweza kuishia hapo. Kesi ilikwisha, mibuni ilipona, na nilikuwa shujaa. Nani angejua kilichobaki? Lakini vitabu viwili vilikuwa vimeshaniponza kwa kuishia njiani, nami sikutaka kuwa cha tatu. Nikasoma mstari wa mwisho. Nikasema, "Karani huyo ni mimi. Niliogopa kuandika jina la mkwe wangu. Kosa si lake, ni langu."

Hakuna aliyecheka. Yule msaidizi wa bwana shamba akanyanyua kofia yake, akatoka polepole. Mwene akawageukia wazee. "Nani kati yenu aliwahi kusikia kwamba kumwandika mkwe ni mwiko?" Wakatazamana. Mkubwa wao akasema wao waliachiwa mwiko wa mdomo, na walioweka mwiko hawakuwa na kalamu, hivyo aulizwe mwenye jina.

Mama mkwe akamwita tarishi. "Mwambie aandike," akasema. "Na aandike vizuri. Naambiwa ana mwandiko."

Nikafungua daftari la vyeti. Nikafuta jina la baba mkwe kwa mstari mmoja wa rula, kwa adabu, nikaandika la mama mkwe pembeni yake. Niliandika mamia ya majina maishani mwangu, na nakuapia hakuna lililokaa vizuri kama lile.

"Lisome tusikie," akasema mwene.

Nikawageukia wazee. Kuandika niliruhusiwa, kusema je? Wazee wakaanza kushauriana, na hapo mke wangu, aliyesoma misheni kama mimi, akatoka kati ya wanawake, akapita katikati ya baraza ambapo mwanamke hapiti bila kuitwa, akaja mezani. Akalitazama daftari kwa muda. Akanitazama mimi. Kisha akalisoma jina la mama yake, lote, kwa sauti kubwa kama ile niliyosomea mimi ile Alhamisi ya kwanza.

Na mama mkwe, akiwa bado ametupa mgongo kama desturi inavyotaka, akaitika, "Nipo."